UZI: Wakili anayepeleleza mauaji kwenye simulizi zetu, mbona hasomi jalada?

Karani wa Masjala

Wakuu, heshima kwenu.

Humu jukwaani haipiti wiki bila kushushwa simulizi ya wakili anayepeleleza mauaji. Nazisoma karibu zote. Mwanzo huwa zinanishika kweli: maiti sebuleni, mjane asiyetoa chozi, kijana masikini anayeapa kwa jina la mama yake kwamba hajaua. Kisha wakili anaingia na utamu unakatika. Ana bastola kiunoni. Anaruka ukuta usiku, anamkaba shahidi nyuma ya baa mpaka anatapika ukweli, anaokota kisu chenye damu anakitumbukiza kwenye mfuko wa nailoni, na sehemu ya kumi na nne anakichomoa mbele ya jaji: "Mheshimiwa, muuaji ni yule pale!" Pingu zinahama mkono kwa mkono, mahakama nzima inapiga makofi.

Mimi nimefanya kazi masjala ya mahakama hadi nikastaafu. Kupokea majalada, kuyapanga, kuyasaka yakipotea. Mauaji nimeyajua kwa njia ya karatasi, na nawaambia hakuna hadithi tamu ya upelelezi kama jalada la mauaji likiangukia mikononi mwa wakili mwenye jicho. Hebu niwaonyeshe mnachokiruka.

Kwanza, wakili wenu anaingia mapema mno. Mtu akikamatwa kwa mauaji huku Tanzania Bara, anapelekwa mahakama ya wilaya au ya hakimu mkazi. Anasomewa shtaka na kuambiwa asijibu chochote, kwa sababu mahakama hiyo haina mamlaka ya kusikiliza kesi ya mauaji. Mwenye mamlaka ni Mahakama Kuu. Dhamana hakuna. Anarudi rumande, na kila baada ya wiki mbili hivi analetwa kusikia maneno yale yale: upelelezi haujakamilika. Huko ndiko kesi inakozeekea. Upelelezi ukikamilika, jalada linakwenda kwa Mkurugenzi wa Mashtaka, hati ya mashtaka inafunguliwa Mahakama Kuu, halafu mshtakiwa anarudishwa kwa hakimu kusomewa maelezo ya mashahidi na nyaraka zitakazotumika, na nakala anapewa. Ikipangwa sesheni, asiye na fedha anapangiwa wakili na mahakama. Posho ya wakili wa kupangiwa siitaji hapa, wamo wanafunzi wa sheria, wasije wakahamia kilimo.

Sasa mfikirieni huyo wakili. Anakabidhiwa rundo la karatasi za tukio ambalo damu yake imeshanyeshewa na masika kadhaa. Nyumba imepakwa rangi mpya. Shahidi mmoja kahamia Geita, mwingine katangulia mbele za haki. Mteja amekaa rumande mpaka hakumbuki ile siku ilikuwa Jumatano au Alhamisi. Alichonacho wakili ni karatasi tu, na zote zimeandikwa na watu wa upande wa pili. Simulizi ingeanza kunoga hapo hapo, nyie mnakimbilia bastola.

Pili, kile kisu. Wakili akikiokota amejifunga mwenyewe. Tangu dakika ile yeye ni shahidi, na kanuni za maadili ya mawakili hazimruhusu kuwa wakili na shahidi katika kesi ile ile. Tena wakili wa Serikali atamuuliza: kilikuwa wapi, nani alikishika kwanza, kililala wapi, kilifungwa na lakiri ya nani? Maswali ya mnyororo wa utunzaji wa kielelezo ambayo mawakili wa utetezi hupigia kesi za Jamhuri, yaani upande wa mashtaka, kila siku, safari hii yanamrudia yeye. Wakili mwenye akili akisikia kuna kisu kichakani, anakaa mbali na kichaka.

Nasubiri mawe.

Msoma Kimya

Nimevuta kigoda. Tiririka mkuu.

Tai wa Usambara

Karani, waandishi hawana kosa sana. Hatujalelewa na wakili mpelelezi. Bwana Msa alikuwa na kiko na akili, lakini hakuwa na ofisi ya uwakili. Willy Gamba jasusi. Joram Kiango mpelelezi wa kujitegemea. Hao ndio waliotulea sisi tuliosoma vitabu kwa mwanga wa koroboi. Sasa kijana wa leo akitaka wakili, anamchukua Willy Gamba anamvalisha joho jeusi na kumpa namba ya uanachama wa TLS, chama cha mawakili.

Binti Ngamiani

Karani, shikamoo. Mimi ni mmoja wa hao unaowarushia mawe, simulizi yangu ya "Wakili wa Usiku wa Manane" iko humu humu jukwaani na kweli kuna kisu kwenye mfuko wa nailoni 😂

Lakini niulize kwa heshima. Msomaji wangu yuko kwenye daladala, simu ina chaji asilimia nane. Sehemu nzima wakili amekaa mezani anasoma karatasi, nani ataisubiri sehemu ya pili? Usitusute tu, tupe mfano.

Karani wa Masjala

Marahaba binti yangu. Natunga hapa hapa, watu na tukio vyote ni vya kubuni, msije mkaanza kutafuta kaburi.

Pangani. Mfanyabiashara wa mbata, tumwite Bwana Hatibu, amekutwa amekufa barazani kwake alfajiri. Aliyeshtakiwa ni mgema wa tembo, Sefu, kwa sababu waligombana hadharani kuhusu minazi ya mpakani, na kotama yake, kile kisu cha mgema, imekutwa kando ya maiti. Wakili wa kupangiwa ni dada wa Tanga mjini, Tunu, kesi yake ya kwanza ya mauaji. Tuiweke miaka ya kabla ya 2022, mtaona baadaye kwa nini.

Tunu anafungua jalada. Ndani mna karatasi tano za maana.

Maelezo ya mpwa wa marehemu, Kassimu, yaliyoandikwa polisi tarehe 10 asubuhi. Alikwenda kumwamsha mjomba wake kwa sala, akamkuta kifudifudi, mkono wa kulia uko chini ya tumbo, shingo ina damu, kotama pembeni. "Sikumgusa marehemu kwa vile kichwa kilikuwa hakishikiki, nikakimbia kuita watu."

Maelezo ya jirani, Bi Mwatumu. Saa tatu ya usiku wa tarehe 9 alimwona Sefu akitoka barazani kwa Bwana Hatibu. Alimtambua kwa mwanga wa mbalamwezi.

Ramani ya eneo la tukio, imechorwa na askari kwa kalamu ya wino. Kutoka dirisha la Bi Mwatumu hadi barazani hatua arobaini na mbili. Katikati kuna kiduara kimeandikwa "mwembe".

Maelezo ya onyo ya Sefu, yaani yale mtuhumiwa anayoandikwa polisi baada ya kuonywa, tarehe 11 saa nne asubuhi. Sefu anakiri: "Nilimkata shingoni kwa kotama yangu, akaanguka kifudifudi mkono wa kulia ukiwa chini ya tumbo, akafa pale pale, nikakimbia."

Ripoti ya daktari wa hospitali ya wilaya, tarehe 11 saa tisa alasiri. Jeraha la shingoni ni fupi na halina kina, halikufika kwenye mshipa mkubwa. Daktari amefungua kilemba cha marehemu, na ndani yake kakuta fuvu limepasuka kisogoni. Sababu ya kifo: kupigwa na kitu butu kizito.

Basi. Tunu anasoma mara moja, anakwenda kupika, anarudi anasoma tena. Ndipo anaziona saa. Sefu amekiri saa nne asubuhi. Daktari amefungua kilemba saa tisa alasiri. Kwenye ungamo la Sefu hakuna pigo la kichwani hata kwa dokezo. Muuaji amesahau namna alivyoua? Ungamo lile linajua kile tu ambacho mtu yeyote aliyesimama barazani asubuhi angekiona kwa macho, na ule mkono chini ya tumbo umeandikwa kwa maneno ya Kassimu herufi kwa herufi. Mtu anayekimbia gizani hageuki kukagua mkono wa maiti uko wapi.

Binti, huyo abiria wako wa daladala ameshapitiliza kituo.

Tena kuna karatasi ya sita ambayo haimo. Askari mpelelezi ameandika kwamba tarehe 12 alimpeleka Sefu kwa mlinzi wa amani, yaani hakimu wa mahakama ya mwanzo, ili akatoe maelezo yake huko. Kwenye orodha ya nyaraka za Jamhuri, maelezo hayo hayapo. Kwa nini upande wa mashtaka uache ungamo la pili? Mlinzi wa amani ana utaratibu wake: anamtoa askari nje, anamuuliza mtuhumiwa alikamatwa lini, alilala wapi, kuna mtu kamtisha au kumwahidi kitu, kisha anamkagua mwili kama una majeraha na kuandika alichokiona. Tunu anakwenda mahakama ya mwanzo kwa basi la asubuhi kuitafuta karatasi hiyo. Anayempatia ni karani mzee, anaichomoa chini ya kabati iliyoliwa na mchwa. Shujaa wa sehemu hii ni karani, msinicheke.

Karatasi inasema: "Ana michubuko mipya mgongoni. Anasema hajaua na hana la kueleza."

Chuma Chakavu

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, huyu kasingiziwa tembo likamwagika lote. Endelea mzee.

Mwana Historia wa Kariakoo

Hapo kwenye mbalamwezi nakusubiri Karani. Usije ukatuletea hila ya Abraham Lincoln ukadai ni yako. Mwaka 1858 huko Illinois, kabla hajawa rais, alimtetea kijana wa rafiki zake wa zamani aliyeshtakiwa kwa mauaji. Shahidi akasema aliona tukio usiku kwa mwanga mkali wa mwezi. Lincoln akamwacha arudie na kurudia, kisha akatoa kalenda ya nyota ya mwaka wa tukio ikionyesha kwamba saa ile mwezi ulikuwa chini karibu unatua. Kijana aliachiwa. Wamarekani wameshaisimulia mpaka imechakaa.

Karani wa Masjala

Mwana Historia, umeninyang'anya tonge mdomoni. Ila Tunu hahitaji kalenda ya Illinois. Yuko Pangani. Anakwenda msikitini, ukutani bado kuna kalenda ya Kiislamu ya mwaka wa tukio, tarehe 9 ile ni mwezi ishirini na nane. Mtoto yeyote wa madrasa anajua mwezi ishirini na nane hauchomozi mpaka karibu na alfajiri, tena kiuzi tu. Saa tatu usiku ni giza la kutafutana kwa sauti.

Na hapa kisheria pamenona. Utambuzi wa usiku una maswali yake tangu Mahakama ya Rufani ilipotoa uamuzi wa Waziri Amani mwaka 1980, kila mwanafunzi wa sheria nchini anaujua: shahidi alimwona mtu kwa muda gani, kwa umbali gani, mwanga ulikuwa wa namna gani, alikuwa anamjua kabla? Bi Mwatumu anamjua Sefu tangu utoto, hilo linaisaidia Jamhuri. Lakini mwanga hamna, na mwembe uko katikati.

Wala msimfanye Bi Mwatumu mwongo. Asubuhi ile kijiji kizima kilishasema "ni Sefu". Aliona kivuli cha mtu usiku, asubuhi akapewa jina lake. Kwenye majalada, shahidi wa namna hiyo nimekutana naye mara nyingi kuliko mwongo halisi.

Sajenti Mstaafu

Naomba na mimi niseme maana naona askari anachafuliwa tu.

Nimeandika maelezo ya onyo maisha yangu yote ya kazi. Sheria inampa askari saa nne za kumhoji mtuhumiwa tangu anapokuwa chini ya ulinzi, na muda wa kumsafirisha hauhesabiwi. Sefu kakamatwa lini? Kama alikamatiwa shambani huko ndani na pikipiki ya kituo haina mafuta, mnataka nimhoji chini ya mnazi? Na muda ukiwa hautoshi, unaombewa nyongeza. Hilo Karani hajalisema.

Pili, si kila michubuko ni kipigo cha polisi. Huyo ni mgema, anapanda minazi kila siku.

Tatu, simulizi ikimfanya askari shetani, inapoteza ladha. Mimi ningemwandika hivi: kijana wa kituo ana majalada mengi mezani, bosi anapiga simu, ndugu wa marehemu wamejaa nje wanataka mwili wakazike kabla ya jua kuzama. Kassimu ndiye mtulivu kati yao, anazungumza vizuri, anampa maji ya kunywa. Askari anaamini. Anaandika ungamo la Sefu akiwa tayari na picha kichwani, na picha hiyo kaichora Kassimu. Hapo mtapata askari ambaye hata mimi namjua.

Karani wa Masjala

Sajenti, karibu sana, na hiyo ya tatu naichukua ilivyo. Ni bora kuliko yangu.

Kuhusu saa, tuseme Sefu alikamatwa tarehe 10 saa nane mchana, maelezo yakaandikwa tarehe 11 saa nne asubuhi. Kitabu cha mahabusu cha kituo kitaonyesha aliingia saa ngapi. Kama kimeandika saa tisa alasiri ya tarehe 10 na hakuna maombi ya nyongeza jaladani, hata hayo mafuta ya pikipiki hayasaidii, maana alikuwa kituoni usiku kucha.

Michubuko hatutajua. Mlinzi wa amani ameandika alichokiona, hakuandika nani alifanya. Tunu naye hatakiwi kujua. Kwenye kesi ndogo ndani ya kesi, ile jaji anayoisimamisha kesi kubwa ili kuamua kama ungamo lilitolewa kwa hiari, mzigo wa kuthibitisha ni wa Jamhuri.

Pwani Moja

Hodi wenyewe. Niko Mombasa, nafuatilia uzi huu tangu asubuhi.

Huku kwetu hadithi yako ingebadilika mapema sana. Katiba ya 2010 inamruhusu hata mshukiwa wa mauaji kuomba dhamana, ila upande wa mashtaka uonyeshe sababu nzito za kumnyima. Sefu angekuwa nje, labda amepata wakili wake mapema. Na ungamo mbele ya askari wa cheo cha chini halina kazi mahakamani. Lazima liwe mbele ya jaji, hakimu, au afisa wa polisi wa cheo kilichowekwa na sheria asiyekuwa mpelelezi wa kesi hiyo, na mshukiwa awe na mtu wake pale. Kwa hivyo mwandishi wa Kenya hana ile karatasi tamu ya tarehe 11.

Lakini tuna kitu kingine. Familia ya marehemu inaweza kuwa na wakili wake anayekaa kortini kufuatilia kesi kwa niaba yao, na sheria ya kulinda waathiriwa ya 2014 imempa nafasi zaidi ya kusikika. Sasa wazia wakili ameajiriwa na huyo Kassimu mwenyewe, kama mpwa mwenye uchungu, ahakikishe Sefu anafungwa. Wakili anasoma zile karatasi. Anaelewa aliyemlipa ndiye muuaji. Kazi hiyo!

Tai wa Usambara

Pwani Moja umenipa baridi mwilini. Hiyo iandikwe kabla haijaibwa.

Binti Ngamiani

Nimenyamaza muda mrefu nanakili. Nimeziona tarehe, nimeuona mwezi. Lakini mbona mmeshamjua Kassimu kuwa ndiye? Kwamba ungamo limenakiliwa kwake haina maana kaua. Anaweza kuwa shahidi wa kawaida tu.

Karani wa Masjala

Nilikuwa nasubiri mtu aulize hilo.

Rudi kwenye maelezo yake ya tarehe 10. "Sikumgusa marehemu kwa vile kichwa kilikuwa hakishikiki." Askari aliipita sentensi hiyo, alidhani ni hofu ya damu ya shingoni. Hata Tunu aliipita mara mbili. Lakini kichwa kilikuwa ndani ya kilemba, kilemba hakikuwa na damu nje, na wa kwanza kukifungua ni daktari kesho yake alasiri. Kwa macho, kichwa kile kilikuwa salama. Kassimu aliyeapa hakugusa alijuaje hakishikiki?

Sentensi moja, wakuu. Imekaa jaladani miaka yote, kila mtu kaisoma.

Chuma Chakavu

Mzee!!! Nimeinuka kitini.

Msoma Kimya

Nimerudi juu kusoma tena. Ipo kweli. Aisee.

Sajenti Mstaafu

Mimi nilipita pale pale kama yule kijana wa kituo. Haya, sasa Tunu anafanya nini? Kwangu ningelifungua jalada upya siku hiyo hiyo na Kassimu angelala ndani.

Karani wa Masjala

Tunu hawezi kufungua jalada lolote, Sajenti. Yeye ana mteja mmoja ambaye akipatikana na hatia ya mauaji ya kukusudia, jaji hana pa kuchagua, sheria inamlazimu kutamka kunyongwa hadi kufa. Serikali haijanyonga mtu tangu katikati ya miaka ya 1990, na Mahakama ya Afrika pale Arusha ilisema mwaka 2019 kwamba adhabu hiyo ya lazima inakiuka haki ya kuishi, lakini hukumu inatamkwa na mtu anaishi nayo. Kazi ya Tunu ni kuweka shaka ya maana kwenye kichwa cha jaji. Kumkamata Kassimu si kazi yake.

Na kuna mtego. Maelezo ya Kassimu polisi si ushahidi mpaka mtu ayatoe mahakamani. Jamhuri haitayatoa, itamleta Kassimu mwenyewe aapishwe na aseme kwa mdomo. Na kwa mdomo, miaka imepita, amesema vizuri kabisa: nilimkuta amekatwa shingo, nikaita watu. Kichwa hakukitaja. Tunu inabidi amwonyeshe maelezo yake, akiri saini ni yake, amwelekeze kwenye sentensi yenyewe, kisha aombe yapokelewe kama kielelezo cha utetezi kuonyesha anajipinga. Akikosea hatua moja, karatasi inakataliwa na sentensi inabaki kwenye jalada bila faida.

Basi anauliza. Saini hii ni yako? Ni yangu. Ulimgusa marehemu? Sikumgusa. Sentensi hii umeisema wewe? Nimeisema. Maelezo yanapokelewa, yanasomwa kwa sauti. Tunu anakaa.

Hamuulizi alijuaje! Mkiandika sehemu hii, nawasihi, mwacheni akae. Akiuliza "ulijuaje", Kassimu atapata nafasi ya kujieleza: nilisikia, nilidhani, niligusa kidogo. Wakili mchanga huuliza swali moja la ziada na kesi inamponyoka. Daktari bado hajapanda kizimbani. Atapanda kesho, atasimulia kilemba, na jaji ataviunganisha mwenyewe.

Na ndiyo maana nikaiweka kabla ya 2022. Wakati ule kesi ya mauaji Mahakama Kuu ilikuwa lazima isikilizwe na wazee wa baraza. Baada ya marekebisho ya mwaka huo, jaji huwaita akiona haja. Wazee wale hawakuruhusiwa kuhoji kama mawakili, waliuliza maswali ya kufafanuliwa tu, na maoni yao hayakumfunga jaji. Lakini mmoja wao alikulia kwenye minazi. Kotama inapitishwa kama kielelezo, mzee anaigeuza mkononi, anamuuliza askari kwa upole: "Mwanangu, hii ilikutwa imenolewa hivi hivi?" Askari anasema ndiyo. Mzee anasema ahsante. Kotama ni butu, haijanolewa siku nyingi. Mgema hapandi mnazi na kotama butu, atakula nini? Hiyo ni kotama iliyotupwa, mtu aliiokota.

Binti Ngamiani

Karani nakupenda lakini Sefu wako amepoa mno. Kukaa kwake kote anasema "sikuua" tu. Alikuwa wapi saa tatu usiku? Mimi namwandika hivi: alikuwa kwa mke mdogo wa marehemu. Amemwambia Tunu rumande, akamkataza kusema. Bora anyongwe kuliko yule mwanamke aaibishwe.

Tai wa Usambara

Tunu si aseme tu amwokoe? Maisha ya mtu hayo.

Karani wa Masjala

Hawezi, Tai. Alichoambiwa na mteja wake katika kazi hiyo ni siri ya mteja, Sheria ya Ushahidi inamkataza kukitoa bila ruhusa ya wazi ya mteja mwenyewe. Na hata Sefu akibadili mawazo katikati ya kesi, utetezi wa "nilikuwa mahali pengine" unatakiwa kutolewa taarifa mapema. Ukichelewa, jaji anaweza kuupokea lakini asiupe uzito.

Binti, hiyo ni nzuri sana, inamfanya Tunu akose usingizi kwa sababu halali. Ila usimtumie yule mwanamke mahakamani. Akipanda kizimbani kumwokoa Sefu umerudi kwenye filamu. Mwache aje asikilize kesi kila siku, akae benchi la nyuma, Tunu amwone, wasisemezane.

Pwani Moja

Na Kassimu? Sefu akiachiwa, Kassimu anaondoka hivi hivi?

Karani wa Masjala

Anaondoka. Jaji anaandika kwamba Jamhuri imeshindwa kuthibitisha shtaka bila kuacha shaka, Sefu anaachiwa kama hashikiliwi kwa kosa lingine. Kassimu hakuwahi kushtakiwa, kwa hiyo hakuna kinachozuia Mkurugenzi wa Mashtaka kumfungulia kesi yake. Kesi hiyo ni ya Sajenti na wenzake, ianze upya, na saa ishaanza kukimbia. Ukitaka msimu wa pili, huo hapo.

Sajenti Mstaafu

Naipokea. Nianze na kitu butu kizito, maana hakuna aliyekitafuta. Mfanyabiashara wa mbata, nyumba ina kifuo cha kufulia nazi na mchi wa kinu. Nani alihama na mchi?

Chuma Chakavu

Sajenti kaingia kazini bila posho 😂😂

Binti Ngamiani

Nimeanza sehemu ya kwanza, nabadilisha jina la mji na la wakili. Bastola nimeitoa. Swali la mwisho Karani: Tunu akifika mahakama ya mwanzo kuitafuta ile karatasi ya mlinzi wa amani, anaongea nini na yule karani mpaka akubali kuitafuta? Ana haiba, analia, anatoa soda?

Karani wa Masjala

Soda aiache, utamharibia kazi mzee wa watu. Aje na barua yenye mhuri wa ofisi yake, namba ya kesi ya Mahakama Kuu, jina la mtuhumiwa kama lilivyoandikwa siku ile maana Sefu anaweza kuwa "Seif" au "Sefu Ally" kwenye rejesta, na tarehe. Tarehe ndiyo muhimu, rejesta ya maelezo inakwenda kwa tarehe. Akija na tarehe, namtafutia hata kama ni Ijumaa mchana. Akija na "miaka ya nyuma nyuma hivi", namwambia aache namba ya simu.